Mifuko ya Kanzu na Tumbo la Lozi

Alasiri ya Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, baraza ya saruji iliyo mbele ya nyumba ya Mzee Yaqoob mjini Ibra, ambayo aliijenga mwaka 1987 ili apate pa kukaa peke yake, na upweke huo asiupate hata siku moja, ilikuwa imejaa kama ada. Dele la kahawa lilikuwa katikati na sahani ya halwa ubavuni mwake. Nyuma ya ukuta mfupi alisimama Lozi, farasi jike mdogo, mali ya Lamees, mjukuu wa mwenye nyumba. Lamees alipokwenda Maskati kwa mitihani alimwachia babu yake amana moja: amnenepeshe Lozi kidogo tu, mbavu zisionekane lakini zipapasike, na manyoya yang'are, kwani tarehe 11 Desemba watasimama mbele ya waamuzi wa maonyesho ya farasi. Mwakani msichana atakuwa mrefu mno kwa farasi yule. Nafasi ilikuwa hii na hakuna nyengine. "Niachie mimi," alijibu babu. Leo Lamees anarejea, na mshipi wa tandiko haufungiki.

— Jamani, alisema Yaqoob kwa unyonge, mimi nampa shayiri kibaba asubuhi, kibaba jioni, na majani yake. Hili tumbo limetoka wapi?

— Kwenye hiyo hiyo shayiri! alidakia Anuari wa Nizwa, aliyeitwa Daktari kwa kuwa zamani aliuza katika duka la dawa. Shayiri huumuka tumboni kama maandazi. Farasi mpe tende. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

— Mwana gani tena, Daktari? aliuliza Yaqoob.

— Methali haiulizwi, ya akhi.

— Tende! alibeza Mkadam, mtu wa Sur, ambaye kwa kuagua kila maradhi kwa dagaa wakavu alikwishabandikwa jina la Bwana Dagaa. Kwetu pwani hata ng'ombe hula dagaa, na katika ngozi zao utajitazama kama katika kioo. Huyu kakosa chumvi, ndiyo maana kavimba.

— Kakosa chumvi akavimba? Wallahi leo tumesikia! alishangaa Yaqoob.

— Samaki mmoja akioza, wote huoza, alisema Anuari kwa ushindi.

— Dagaa wangu wakavu, wataoza vipi?

Hud, aliyepewa jina la Ngamia kwa miaka aliyofuga ngamia wa mbio, aliweka chini finjani yake taratibu, kama kadhi anayetaka kuhukumu.

— Nyote hamjui. Ngamia tukimtaka mwembamba, tukimpa samli. Samli hulainisha njia, upepo ukatoka. Huyu tumboni mna upepo mtupu. Kila akipiga miayo anameza.

— Basi tumfunge mdomo? aliuliza Mkadam.

— Tumgeuze aelekee Tiwi kule pwani, alisema Hud, upepo umwingie kwa nyuma.

— Lahaula! Hicho si upepo, alinong'ona Anuari. Ni jicho. Mtu kamsifu bila ya kusema mashallah.

Yaqoob hakucheka. Macho yake yalikuwa barabarani, na mkono wake ulikuwa ukipapasa mfuko wa kushoto wa kanzu yake, ambao kwa sasa tuuache ulivyo. Alikuwa akiuwaza uso wa mtoto.

Gari ikasimama. Lamees akashuka.

— Shikamoo, babu. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, marahaba.

Hakukaa. Alifungua mlango wa uani, akampitishia Lozi kiganja ubavuni kama wafanyavyo waamuzi, akakirudisha nyuma, akakipitisha tena. Kisha akamgeukia babu yake.

— Babu, mbavu zake ziko wapi?

Akawageukia wazee wote.

— Lozi anakula nini?

Swali lilikuwa jepesi. Daktari alikohoa. Bwana Dagaa aliitazama halwa. Mlango ulikuwa wazi, na Lozi akatoka mwenyewe, akaja barazani kwa mwendo wa mtu anayejua majirani zake. Alianza kwa Anuari, akatia pua katika mfuko wake na kutoka na tende. Akenda kwa Mkadam. Dagaa wakamwagika chini. Kwa Hud alivuta kitambaa chenye mkate uliorowa samli.

— Mnamlisha nyote? alimaka Yaqoob. Kwa siri?

— Napita kumwangalia baada ya alfajiri, alisema Hud. Sasa mtu ataingia nyumba ya watu mikono mitupu?

— Mimi napita adhuhuri, alisema Mkadam.

— Mimi magharibi, alisema Anuari. Haba na haba, si hujaza kibaba?

— Hii ndiyo methali yako ya kwanza iliyokaa pahala pake! alisema Hud.

Lakini Lozi hakuwa amemaliza. Alisimama mbele ya Yaqoob, akauegemeza uso wake kwenye mfuko wa kushoto, na akatulia hapo kama aliyefika kwao. Kipande cha sukari guru kikachungulia.

— Na wewe, babu?

— Alikuwa akikutafuta, mama. Kila jioni anatazama mlango. Nikamhurumia.

Lamees alijitahidi kukasirika. Akashindwa, akamkumbatia farasi na babu kwa pamoja.

— Khalas. Tarehe 11 Desemba bado. Atakula majani tu, na kila alasiri atatembezwa mpaka kwenye mitende na kurudi.

— Na nani?

— Na waliomlisha.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu 1987, alasiri iliikuta baraza tupu. Bi Kaltham, mke wa Yaqoob, alisimama mlangoni na sindano mkononi. Alikuwa amekwisha kuifunga kwa uzi mifuko ya wazee wote, mmoja baada ya mmoja, wao wakiwa wamesimama wima kama watoto wa chuoni. Msafara ukaondoka, Lozi katikati, mabishano pande zote.

— Sasa funguo zangu nitatia wapi? alilalamika Anuari.

— Zishike mkononi, alisema Yaqoob, naye mkono wake mmoja umeshika kamba na wa pili umekamatwa na Lamees. Tena zishike kwa mikono yote miwili.