Bi Bilkis Gulamali na Panya Wazee wa Ipuli

Tarehe 30 Juni 1976 Bi Bilkis Gulamali, Fundi Mkuu wa Maabara, anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Utafiti wa Panya, Ipuli, kwa miaka thelathini. Tumeombwa tuandike maneno ya furaha. Tutajitahidi.

Alianza mwaka 1946 akiosha chupa. Baba yake, mshona nguo wa mjini Tabora, alitaka abaki dukani. Yeye akachagua kazi ambayo shangazi zake hawakuthubutu kuitaja wakati wa kula. Uhuru ulipopatikana alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo, akarudi akijua kupima, katika damu kidogo tu, ile homoni ambayo mwili huimwaga panapo hofu na taabu.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyompa jina. Kwa panya kijana, homoni hiyo huwa chini asubuhi anapokwenda kulala, na hupanda jioni anapoamka kutafuta chakula. Ndivyo siku zake zinavyokwenda. Bi Bilkis akauliza: na panya mzee je? Ili kulipata jibu, ilibidi kwanza panya wazeeke. Alitenga chumba chenye kuta nene kando ya barabara ya zamani ya Ujiji, akawafuga humo kwa miaka miwili na zaidi. Sisi wengine tulikiita Chumba cha Wazee, na Ndugu Limbu, mlishaji wa panya, hakuwa akipita mlangoni bila kusema shikamoo.

Sheria za humo zilikuwa kali, maana kelele huwashtua panya na kuharibu vipimo. Mkubwa mmoja wa wilaya alifika na viatu vinavyolia, akaamriwa avivue. Alikizunguka chumba kizima kwa soksi, moja imetoboka kidoleni, na wakati wa kuaga akawasifu panya kwa nidhamu.

Majibu yakaanza kuonekana. Kwa wazee, homoni haikushuka sawasawa asubuhi wala haikupanda sana jioni. Wakishtuliwa, vijana walitulia upesi; wazee walibaki na hofu mwilini kwa muda mrefu. Lakini Bi Bilkis hakuridhika. Je, huo ni uzee wenyewe, au ni misukosuko waliyopitia kabla ya kuletwa humo? Akaanzisha kundi jipya, lililozaliwa humo humo na kulelewa kwa utulivu tangu mwanzo. Hilo ndilo lingemjibu.

Kundi hilo lilikuwa linakaribia uzee mvua zilipokosekana mwaka 1974. Familia zilizohamishiwa kijiji kipya jirani yetu zilikuwa zimeacha mashamba yao nyuma, na mapya hayakuzaa kitu. Asubuhi moja mwenyekiti wao, Mzee Yoramu, alikuja na akina mama kadhaa.

"Tumesikia mna mahindi ya panya," alisema. "Hatukuja kugombana. Tumekuja kuuliza tu."

Mkurugenzi wetu, Dk. Anselm, aliomba muda aiandikie wizara. Bi Bilkis alikuwa akimtazama mama mmoja, Siwema, aliyeketi chini bila kukaribishwa kwa kuwa miguu ilikuwa imemkatalia.

"Daktari, mpaka wizara ijibu, huyu atakula nini?"

"Ukitoa mahindi haya, dada, utafiti wako umekwisha. Unajua?"

"Najua. Nipe ufunguo."

Limbu alibeba magunia huku akilia waziwazi. Panya hawakuweza kuachwa wafe kwa njaa, kwa hiyo alasiri Bi Bilkis aliingia Chumba cha Wazee peke yake na chupa ya klorofomu. Hakutaka mtu mwingine aifanye kazi ile. Alipotoka alinawa mikono, akauliza kama wale akina mama walipata wa kuwasaidia kubeba.

Hatukuwahi kumsikia akijutia chakula alichowapa watu. Alilolisikitikia ni jibu alilolikosa. Mara nyingi tulimkuta amesimama mbele ya vizimba vitupu, na tulijifunza kupita bila kumsemesha.

Mwaka jana, mvua ziliporudi, Dk. Anselm alimwambia aanze upya, kwani chakula cha panya kipo.

"Panya anataka miaka miwili kuzeeka," alijibu, "na mimi nimeshazeeka tayari. Nani atabaki nao?"

Chumba sasa ni ghala la mbolea.

Ndugu zake wengi wamehamia ng'ambo. Yeye anabaki mjini na dada yake Bachubai, ambaye tunamwomba amzoee taratibu, maana huyu mtu ataamka alfajiri na kutaka kila mmoja anyamaze.

Bi Bilkis, tunakushukuru kwa mikono yako mitulivu, kwa ukali wako, na kwa uamuzi ambao wengi wetu tusingeuweza. Unaondoka bila jibu ulilolitafuta, nasi tunabaki bila wewe. Hatujui nani amepoteza zaidi. Afya njema, dada yetu, na siku zako zote zilizobaki ziwe za amani.