Orinthia Amepanga Chumba Bogles

Benchi la kijiwe cha Windward, kisiwani Carriacou, halikununuliwa popote. Ni ubao wa mwerezi mweupe uliokataa kupindwa kuwa ubavu wa mashua enzi hizo, ukalazwa juu ya mawe mawili chini ya mti wa mkungu, mbele ya duka la Shangazi Melda, na sasa umepinda wenyewe kwa uzito wa watu wasio na haraka. Kila asubuhi birika la kakao likitoka jikoni linanukia kungumanga na mdalasini, wazee watatu wanakaa kwa mpangilio uleule. Redio anakaa upande wa barabara, asipitwe na kitu. Hakimu anakaa katikati. Huyu aliwahi kutoa ushahidi mara moja tu katika kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hukumu hazijamwisha mdomoni. Patasi, fundi wa mashua, anakaa upande wa bahari ili macho yake yasibanduke kwenye mashua yake, ambayo huu ni mwaka wa sita imesimama ufukweni juu ya magogo. Jina alilopewa na mama yake ni Alban, ila anayemwita hivyo ni mtu mmoja, na mtu huyo yuko Uingereza mwaka wa tisa sasa. Jumanne hiyo kakao ilimiminwa vikombeni na Patasi hakukigusa chake.

Shangazi Melda: Kunywa, baba. Hiyo kakao haijakukosea.

Redio: Mwache. Mkewe anashuka kwenye feri ya saa tano, anashuka kama mgeni. Unataka ameze nini?

Hakimu: Mgeni vipi? Orinthia kitovu chake kimezikwa hapo juu, kijiji chetu cha Dover!

Redio: Mwulize mwenyewe alivyoambiwa kwenye simu.

Patasi alitamani kunyamaza. Lakini alikuwa mtu wa kusema jambo kama lilivyo, na jambo hili lilikuwa limemkaa kooni tangu Jumapili.

Patasi: Kasema anakuja siku saba. Kasema nisichinje mbuzi, nisipake nyumba rangi, nisimwite mtu. Kapanga chumba kwenye nyumba ya wageni kule Bogles, chenye kibaraza cha kutazama bahari. Kasema, "Alban, nataka tukitembee hiki kisiwa kama wale watu wa kofia kubwa. Polepole. Tuoge baharini, tule, tulale mchana. Gari litakupitia kijiweni saa nne. Ukija tutakuwa wawili. Usipokuja nitatembea peke yangu, na Jumanne ijayo narudi kwa Jenelle, na sitakuuliza tena."

Jenelle ni binti yao. Alijifungua mapacha huko Huddersfield, mama akaenda kumsaidia kwa miezi sita, afue nepi na kuwabeba watoto. Miezi sita ikazaa mwaka, mwaka ukazaa kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na kila Jumapili simu ikilia Orinthia alimwuliza mumewe swali lilelile: utakuja lini? Patasi naye alimpa jibu lilelile: nikishaishua hii mashua majini.

Hakimu: Chumba! Mtu ana nyumba hapahapa, anapanga chumba? Kuna watu wamekaa Uingereza miaka arobaini, wakirudi wanaingia kwanza uani kwa mama zao, wanawamwagia wahenga maji na tone la ramu, ndipo wanavua viatu. Sasa yeye atawamwagia wapi? Kwenye zulia la mwenye hoteli?

Redio: Mimi nakwambia ni paa. Wakikaa kule wanazoea maji ya moto yanayotoka ukutani. Atakuja kuoga kwa ndoo na paa linavuja? Ameona aibu, akaifunika aibu yake na neno "likizo".

Patasi: Paa langu halivuji.

Redio: Halivuji kwa sababu hakujanyesha.

Hakimu: Redio, wewe unaangalia paa, mimi naangalia sheria. Sikiliza. Mume akiihama nyumba yake kwa hiari, akalala kwingine usiku saba mfululizo, na mke ndiye aliyemtoa, ile nyumba kisheria haina mtu. Haina mtu! Akija wakili na karatasi yake, umekwisha.

Shangazi Melda: Sheria hiyo umeisoma wapi, wewe?

Hakimu: Ilitajwa mahakamani.

Shangazi Melda: Kwenye kesi ya mbuzi?

Hakimu: Mbuzi naye alikuwa na makazi!

Redio alicheka mpaka kakao ikamwingia puani. Patasi hakucheka. Alikuwa akitazama ufukwe, chini kidogo ya mkuku wa mashua yake, mahali ambapo miaka mingi nyuma aliwaona wazungu wawili wakipita. Mwanamume alikuwa amebeba viatu vya mwanamke mkononi. Hawakuwa na chombo, hawakuwa na kapu, hawakuwa na safari. Orinthia alikuwa amesimama kando yake, sufuria ya mbaazi kichwani, chakula cha mafundi, akauliza, "Wale wanakwenda wapi?" Patasi akamjibu bila kuweka chini tezo ya kuchongea mbao: "Hawaendi popote." Orinthia akawatazama mpaka wakapotelea kwenye mikoko. Akasema, "Na sisi siku moja tusiende popote." Naye akamwambia, nikishaishua hii. Aliishua kweli. Watu wakaja, mbuzi wakachinjwa, magogo yakakatwa moja moja, mashua ikalala ubavu na kijiji kizima kikavuta kamba mpaka ikaingia majini. Mwezi uliofuata akalaza mkuku wa mashua nyingine.

Redio: Mnataka niwaambie ukweli? Sikutaka kusema, maana Patasi ana moyo wa karatasi.

Patasi: Moyo wa karatasi mwenyewe!

Redio: Ni televisheni. Huko kwao kuna vipindi, wanamchukua mzee mshamba ambaye hajawahi kukaa kwenye kibaraza cha hoteli, wanamvalisha kaptula, wanamlisha vitu vya ajabu, na kamera zimefichwa kwenye maua. Taifa zima linacheka. Atashuka pale gatini, nyuma yake vijana wawili na mabegi meusi. Ukiwaona hao, kimbia.

Hakimu: Kaptula! Na ile miguu yake?

Redio: Ndiyo maana wamemchagua.

Patasi: Orinthia hawezi kunifanyia hivyo.

Hakimu: Orinthia yupi? Hilo ndilo swali. Sauti ya simu ni sauti tu, bwana. Alicheka?

Patasi alifuta vumbi la mbao gotini.

Patasi: Alicheka.

Hakimu: Alicheka vipi?

Patasi: Kama zamani.

Hakimu: Basi mimi nimemaliza. Mwanamke mwenye miaka sitini na mbili, aliyefanya kazi kwenye baridi miaka tisa, anacheka kama zamani? Huyo si yeye. Mizimu ndiyo inayocheka kama zamani. Inachukua sauti ya mtu, inakuita mahali pasipo kwako, mbele ya bahari, kwenye kibaraza. Ukienda hurudi. Shemeji yangu aliitwa hivyohivyo kule Petite Carenage.

Shangazi Melda: Shemeji yako aliitwa na mwanamke wa L'Esterre, na yuko hai, ana watoto wanne.

Hakimu: Alirudi? Hakurudi!

Patasi alisikia maneno yakipita kama upepo. Alichobaki nacho ni kile kicheko. Kilikuja simuni ghafla, katikati ya neno "kibaraza", na kikamkuta amesimama jikoni kwake. Alikuwa amesahau kwamba kicheko cha Orinthia huanza kwa pumzi, kama mtu anayepuliza moto. Miaka tisa alikuwa akiisikia sauti yake ya Jumapili, sauti ya kuulizia dawa na mvua, akadhani ndiyo sauti yake nzima.

Akakasirika. Kila kitu kilipomlegea ndani, hasira ndiyo iliyomsimamisha.

Patasi: Siendi! Mnasikia? Nina nyumba niliyoijenga kwa mikono hii. Kama anataka kuniona, barabara anaijua. Mimi si mgeni hapa Carriacou, sitatembezwa kwenye kisiwa changu kama kondoo wa maonyesho!

Redio: Hayo ndiyo maneno!

Hakimu: Na iandikwe.

Shangazi Melda aliweka birika chini kwa kishindo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo aliyanoa.

Shangazi Melda: Haya. Aje nyumbani. Atalala wapi?

Patasi: Kitandani kwake.

Shangazi Melda: Kitanda kipi? Kile ulichokijaza mataruma ya mashua? Nimeingia mwenyewe Krismasi kukuletea keki. Upande wake kuna mbao mpaka dirishani. Unalala jikoni kwenye kitanda cha kukunja, mtu mzima! Kijiji kinasema Patasi ana uchu wa mbao.

Redio alijikuna shingo. Hakimu alianza kusema kitu kuhusu unyevu, kwamba mbao za mwerezi hazitaki unyevu, akakiacha njiani.

Hazikuwa na shida ya unyevu zile mbao. Banda lilikuwepo, na lilikuwa na nafasi. Ila usiku wa tatu baada ya Orinthia kuondoka, Patasi alinyoosha mkono usingizini, mkono ukaanguka kwenye shuka baridi, na asubuhi yake akaleta ubao wa kwanza. Halafu wa pili. Huwezi kulala kando ya ubao ukahisi pengo la mtu. Unalala kando ya kazi. Mwisho kazi ikajaa kitanda kizima, naye akahamia jikoni. Hilo hakumwambia mtu yeyote, na hata hapo benchini hakulisema. Alisema tu:

Patasi: Ni mbao nzuri.

Shangazi Melda: Sijasema mbaya. Nimeuliza tu mkeo atalala wapi.

Gari la wazi, lenye viti vya nyuma viwili vinavyotazama mbele, liliteremka kilima taratibu likiwakwepa mbuzi, likasimama mbele ya mkungu. Dereva alikuwa Kimron, mtu wa miaka kama thelathini kutoka Harvey Vale, anayewatembeza wageni wa ile nyumba ya Bogles. Alizima injini, akavua kofia, akaamkia benchi zima kwa adabu.

Kimron: Asubuhi njema wazee wangu. Asubuhi njema, shangazi. Natafuta mzee Alban.

Hakimu: Haendi.

Kimron: Sawa, mzee. Haya, hata asipokwenda, nisaidieni jambo moja dogo. Mama Orinthia amenikodi siku saba, na yule mwenye boti ya kuwavusha wageni ananisumbua, anataka kujua leo tuanzie wapi. Mama anapenda wapi?

Redio: Swali gani hilo! Anapenda Petite Martinique. Alikuwa anavuka kila mwezi.

Shangazi Melda: Kuchukua mitungi ya gesi.

Redio: Basi ufukwe wa Paradise. Nimemwona pale mara nyingi.

Shangazi Melda: Anasonga ugali wa watu sitini kwenye sherehe za wengine. Macho kwenye moshi.

Hakimu: Anse La Roche! Hapo nina ushahidi. Nilimkuta mwenyewe, amekaa juu ya jiwe, anatazama maji.

Shangazi Melda: Alikuwa anamtafuta mbuzi wa Patasi aliyekata kamba. Alikaa kwa sababu mwiba ulimwingia mguuni. Mimi ndiye niliyeutoa.

Kimron alisubiri. Hakuwa na kejeli. Alikuwa mtu kazini anayetaka kupanga petroli yake.

Kimron: Wazee wangu, sikuuliza alikofanya kazi. Nimeuliza anakopenda.

Wote walimgeukia Patasi. Hata Redio, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa habari, alimgeukia kama mtu anayesubiri taarifa. Patasi alifungua mdomo. Alijua namna Orinthia anavyokiwasha kiberiti kwa kukivuta kuelekea kwake, jambo la hatari. Alijua hapendi nanaa, na kwamba akiwa na homa huimba. Alijua kovu la kifundo chake. Lakini mahali, mahali pa kukaa tu na kufurahi, alitafuta kisiwa chote kichwani, ghuba kwa ghuba, na kila ghuba aliyoifikia alimkuta Orinthia amebeba kitu.

Patasi: Sijui.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kwenye benchi lile. Hakimu alitazama chini, kana kwamba mtu kavua nguo.

Kimron: Sasa huyu wa boti nimwambie nini, mzee?

Patasi: Mwambie asubiri. Twende kwanza tukamwulize mwenyewe.

Akainuka na vumbi la mbao likiwa bado magotini. Redio alimkumbusha juu ya kamera, Hakimu akaanza kumsomea usiku saba mfululizo, lakini alikuwa ameshapanda. Gari likageuza, likashika kilima. Njia nzima Patasi alikuwa akilijaribu swali kwa sauti ya chini, Kimron akijifanya hasikii. Unapenda wapi? Unataka twende wapi? Kila alivyolisema lilitoka kama amri, naye akalirudia tena, polepole zaidi, mpaka paa za mji wa Hillsborough zikaonekana na feri ikiingia.