Binti Akicheza Baba

Kwenye treni ya mjini Addis Ababa, Senait alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Mama mmoja alikuwa akimfundisha malezi fundi viatu aliyeketi naye, mtu asiyemjua kabisa.

“Mtoto aonyeshwe watu mashuhuri, kaka. Wangu nimewabandikia picha za mabingwa wa mbio ukutani.”

“Wangu hatazami ukuta, mama. Ananitazama mimi. Mwaka juzi niliwakuta watoto wakicheza nyumba-nyumba, binti yangu ndiye baba. Akaingia anapepesuka, akapiga mlango teke, wenzake wakacheka. Pombe niliiacha siku hiyo hiyo.”

Mama akamgeukia vizuri. Kisha akauliza, “Na sasa?”

“Jana wamecheza tena. Nikajibanza dirishani. Binti kaingia taratibu, kavua viatu, kauliza, ‘Jamani, mmekula?’” Fundi akashusha pumzi, akafuta macho kwa kiganja.

Hata Senait akapumua.

“Hongera, kaka. Lakini mabingwa nao wabandike.”

“Nibandike wapi? Chumba chenyewe kimoja!”

“Juu ya mlango hapakosi nafasi.”

Treni ikasimama, wakashuka wote wawili, bado wanabishana.