Wachezaji Arobaini na Wanne

Benchi letu la hapa Bariadi limeegemea duka la Mustapha, muuza kahawa ambaye tangu biashara ifunguliwe milango anauza pia betri na khanga, na ukinunua kikombe unaangalia televisheni bure. Shida ni jua. Likifika utosini picha inaharibika, kila mtu anakuwa wawili. Siku nyingine tunacheka, lakini Jumamosi ile hatukuthubutu, maana Kristofa, mtoto wa mwenzetu Masunga, alikuwa anachezea timu ya Dar kwa mara ya kwanza, na baba yake kaja amevaa koti.

— Mustapha, wangapi? akauliza Ndalahwa, fundi redio. Tunamwita Injinia, ingawa redio yangu aliirudisha skrubu zikiwa kwenye bahasha.

Mustapha akachungulia ndani, akahesabu.

— Arobaini na wanne. Refa naye kapata pacha.

— Antena imeshika moto, akasema Injinia. Bati likipata joto linatanuka. Antena nayo imetanuka, inameza picha mbili kwa mpigo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Malimi, mfugaji wa Migato, akakataa.

— Mawimbi yanatoka mbali, bwana, yanafika na kiu. Ng'ombe akikuta lambo kavu si anazungukazunguka? Ndiyo hao mnaowaona wawili wawili.

Mimi nikasema hao wa pili ni wachezaji wa jana, walikaukia kwenye antena, sasa jua linawabandua. Nilisema kwa utani, ila Injinia alivyoniunga mkono nikaanza kujiamini.

Masunga hakuwa na nadharia yoyote.

— Mwanangu ni mmoja, akasema. Namtaka mmoja.

Akavua koti, akapanda juu ya bati na gunia lililoloweshwa kwa maji ya kahawa, akaifunika antena.

— Wangapi?

— Ishirini na wawili.

Akiliachia, arobaini na wanne. Akilishika, ishirini na wawili. Injinia akatangaza kwamba sasa tunapima kitaalamu. Tukageuza benchi tutazame juu, tukawa tunapokezana kupandisha maji, na kila mvuke ulipofuka Malimi alisema haba na haba hujaza kibaba. Kazi ilinoga, sitaki kusema uongo.

Ndipo akaja Scola, muuza dagaa wa Nyashimo. Akatuamkia, mwadeela, akaomba kahawa. Mustapha akainua birika, jepesi. Hata maji ya ndooni yalikuwa yameishia juu ya bati.

Akauliza kuna nini, tukamweleza habari za Kristofa, na kwamba yule wa juu ni baba yake.

— Ehe, kijana kachezaje?

Tukamtazama Injinia. Injinia akamtazama Mustapha.

— Walikuwa ishirini na wawili, akasema Mustapha. Muda wote.

— Kafunga? Masunga akauliza toka juu, gunia mikononi.

Mustapha akaingia ndani. Alikawia kidogo. Alipotoka alisema taratibu, kama mtu anayepeleka salamu za msiba.

— Mpira umekwisha. Kuna mtu anasoma habari. Yuko mmoja, Masunga, mmoja kabisa. Shuka tu.