Constant Banza na Bia Iliyohitaji Kungojwa

Ndugu Constant Banza anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minane katika nyumba ya kuonja bia iliyo nyuma ya uwanja wa Flagey, hapa Brussels. Alianza tarehe mosi Machi 1993 kwa kuosha glasi, akawa jaji kwa miaka ishirini na mmoja, kisha akamalizia miaka minane ghalani, chini ya ardhi, akitunza chupa. Jumamosi chama chetu cha watu wa Katanga kinamuaga kwa chai na sambusa katika ukumbi wa Schaerbeek.

Msomaji makini ameshaona kitu katika hesabu hiyo. Constant alipanda ngazi, kisha akashuka mpaka chini ya pale alipoanzia. Desturi ya maandishi ya namna hii ni kuruka jambo kama hilo, kumwaga sifa na kugawa keki. Hapa hatutaruka. Mtu aliyetumikia ukweli wa ulimi wake kwa miaka yote hiyo hastahili kuagwa kwa uongo mtamu.

Alizaliwa Likasi mwaka 1959, akasomea kemia, akafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia Lubumbashi. Alifika Brussels mwaka 1992 na mkewe, Maman Thérèse. Shahada yake hapa ilimpa sinki, sabuni na taulo. Jioni moja ya mwaka 1995, akikusanya glasi zilizotumika, alinusa masalio ya moja na kuwaambia majaji kwamba inanuka mahindi ya kuchemsha, na kwamba aliyeipika alifunika sufuria. Walicheka. Mmoja, kwa mzaha tu, akampigia simu mwenye bia. Mwenye bia akauliza nani amewaambia habari za mfuniko wake. Mwaka uliofuata jina la Constant Banza liliandikwa kwenye orodha ya majaji iliyotundikwa mlangoni, na hilo ndilo jambo pekee kazini alilowahi kujivunia waziwazi. Alimpiga picha Maman Thérèse akiwa amesimama kando ya orodha ile, kidole kwenye jina.

Sasa tuwaeleze wasiojua kazi yenyewe, kwa sababu kutojua kumeshafanya madhara ya kutosha. Jaji huketi peke yake. Kushoto kwake ubao, kulia kwake ubao, mbele yake ukuta mweupe. Glasi inakuja na namba tu. Haruhusiwi kusema, kuguna wala kukunja uso mtu akaona. Anaangalia rangi, ananusa, anachukua funda dogo, anaandika kwa kalamu ya wino alama kati ya sifuri na hamsini. Hapaki manukato. Asubuhi hanywi kahawa. Wiki za mashindano hagusi kitunguu, pilipili wala samaki mkavu. Anakula wali mweupe na mkate.

Hebu mfikirie Mkatanga anayekwenda kwenye harusi za watu na mkate wake mfukoni. Wenyeji walichukia. Maman mmoja wa kanisani, ambaye hatutamtaja kwa kuwa Jumamosi atakuwa ukumbini na anajijua, alimwambia mbele ya meza nzima, akionyesha bakuli lake la majani ya muhogo: "Papa Constant, sombe yangu iko na sumu? Unakula sawa mugonjwa!" Wengine walisema chini kwa chini kwamba anakunywa, na Wazungu wanamlipa. Mtu ambaye nje ya kazi hakunywa hata tone aliitwa mlevi kwa miaka ishirini, na chama hiki kilikuwa mstari wa mbele. Maman Thérèse alipofariki mwaka 2014, tulimkuta Constant kwenye matanga ya mke wake mwenyewe amekaa dirishani na kipande cha mkate. Hazikuwa wiki za mashindano. Alikuwa ameshasahau namna ya kula na watu. Binti yake, Emmanuella, alirudi Montréal, naye akabaki katika nyumba yake ndogo Ganshoren, mtaa ambao saa moja jioni unaweza kusikia jirani akifunga dirisha.

Kazini nako hali haikuwa nzuri zaidi. Wapo waliosema Mwafrika hawezi kuhukumu bia ya Ulaya, kana kwamba pua ina pasipoti. Aliwajibu kwa kuandika alama zake.

Tunafika kwenye bia iliyomshusha. Waingereza wana bia kongwe wanayoiita mvinyo wa shayiri, ingawa haina zabibu hata moja. Ni shayiri nyingi, maji kidogo, hopsi za kuitia uchungu, na miaka. Nguvu yake hufika asilimia kumi na moja. Rangi yake ni kama asali ya msituni, povu lake ni dogo. Ikiwa nzuri, inanukia tende, sukari guru iliyoungua kidogo, ganda la chungwa na kabati la zamani. Uchungu unakuja mwishoni, unaondoka taratibu, na kifua kinabaki na joto. Lakini ina tabia moja ya kizee: ikiwa baridi haisemi. Itoe kwenye friji uionje papo hapo, utapata ukali wa pombe na uchungu wa dawa ya kikohozi, basi. Inataka digrii kumi na mbili hivi, na mtu mwenye subira.

Nyumba yetu ya kuonja, ambamo mwandishi huyu naye anafanya kazi, ilikuwa na sheria yake. Jaji akitofautiana na wastani wa wenzake sita wa mezani kwa zaidi ya pointi kumi, mara tatu katika mwaka mmoja, jina lake linafutwa kwenye orodha. Walioitunga waliamini kwamba watu sita wanaokubaliana hawawezi kukosea. Historia nzima ya binadamu inawacheka. Wastani si ukweli. Mara nyingi wastani ni woga uliogawanywa kwa sita.

Kufikia Novemba 2017 Constant alikuwa na mara mbili. Ya kwanza alikuwa sahihi: aliipa alama ndogo bia maarufu ambayo baadaye maabara ilikuta imeharibika. Ya pili alikosea kabisa, alikuwa na mafua akaona aibu kusema, na alikiri mwenyewe. Mara ya tatu ingemaliza kila kitu, na kila mtu mezani alijua.

Alhamisi moja ya mwezi huo majaji walikuwa saba. Aliyemimina alikuwa Maman Berthe, mjane kutoka Kolwezi, mwenye watoto wawili na mkataba wa miezi mitatu. Kwenye mlango wa friji palibandikwa karatasi: digrii sita. Karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya bia nyepesi za hapa Ubelgiji, na hakuna aliyemwambia kwamba bia kali hutolewa saa moja kabla. Akafuata karatasi. Majaji sita wakaonja mvinyo wa shayiri ukiwa baridi kama chuma cha reli, na kwa dakika tano wakawa wamemaliza: pombe tupu, uchungu mtupu, ina kasoro. Wastani wao, ishirini na saba.

Constant alishika glasi akajua imetoka baridi mno. Akaizungushia viganja vyote viwili, akakaa. Sheria iliruhusu nusu saa kwa kila bia, ila hakuna aliyewahi kuitumia. Dakika kumi. Wenzake wakaanza kukohoa nyuma ya mbao zao. Dakika ishirini. Mmoja akasogeza kiti kwa kelele makusudi. Dakika ya ishirini na tano akaonja, akaandika arobaini na nne.

Mwenyekiti wa meza alimuuliza mbele ya wote imekuwaje. Kwa utaratibu wetu Constant alikuwa bado na nafasi ya kusogeza alama zake kabla karatasi hazijafungwa. Pointi saba tu zingemwokoa. Au angeweza kusema kwamba glasi zilitoka zikiwa baridi mno, na raundi nzima ingefutwa. Ila mwaka huo raundi mbili zilikuwa zimefutwa, na wamiminaji wawili waliondoshwa kazini jioni ileile. Hakusogeza alama, hakumtaja mtu. Alijibu maneno machache tu: "Niliingoja, monsieur." Jumatatu jina lake halikuwa mlangoni.

Alipewa ghala. Ngazi kumi na tisa kwenda chini, digrii kumi na mbili kiangazi na baridi, na chupa tatu za akiba za kila bia tuliyoihukumu, zinazotunzwa kwa miaka kumi. Aliliweka vizuri kuliko lilivyowahi kuwekwa. Alitengeneza daftari linalokuwezesha kupata chupa yoyote kwa dakika moja. Kwa miaka minane alikula mkate wake kule chini, na sisi tuliokuwa juu tulishuka tulipohitaji chupa. Tusijidanganye kwamba tulikwenda kumsalimia.

Sababu halisi haikujulikana hadi mwaka huu. Maman Berthe, ambaye sasa ni mkuu wa wamiminaji, alikuwa akiandaa orodha mpya ya joto la kila bia, akafungua rejista za zamani. Akakuta Alhamisi ile, mwandiko wake mwenyewe, digrii sita. Pembeni akakuta ishirini na saba za wale sita, na arobaini na nne moja. Alishuka ngazi zile akiwa na rejista mkononi.

"Papa Constant, ile siku, ni miye?"

"Maman Berthe, ile siku ni frigo."

"Usinicheke. Ju ya nini haukusema?"

"Bon. Ningesema, leo ungekuwa wapi?"

Kwa haki, wapo wanaosema alipaswa kusema. Aliyeandika wasifu huu ni mmoja wao. Mtengenezaji wa bia ile aliondoka na hukumu ya uongo, na nyumba yetu ikaendelea kuona fahari juu ya sheria ya kijinga. Tulimwambia hivyo uso kwa uso, mwezi Septemba. Hakukasirika. "Ule Muzungu atapika bia ingine," alisema. "Berthe angepata wapi kazi ingine?" 

Alhamisi tarehe 9 Oktoba Maman Berthe alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya. Alichukua ghalani chupa za akiba za mvinyo ule wa shayiri, akaziingiza kwenye raundi ya kawaida kwa namba mpya, akazimimina zikiwa na digrii kumi na mbili. Majaji walikuwa saba, wanne kati yao walikuwa mezani mwaka 2017. Wastani ulitoka arobaini na tatu. Ndipo akaweka karatasi za zamani katikati ya meza, akasema kwa sauti kwamba siku ile aliyezimimina baridi ni yeye, na kama kuna wa kufukuzwa, yuko hapa, ameshavaa viatu vyake tayari kuondoka.

Hakufukuzwa. Mwenyekiti, ambaye ni yuleyule, alisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akaagiza Constant aitwe. Constant alipanda na aproni yake na kofia ya sufu. Mwenyekiti alisimama kumpokea. Alimwambia kwamba jina lake linarudi mlangoni siku hiyohiyo, na kwamba kiti chake ni chake kwa wiki tatu zilizobaki. Kikasogezwa, kati ya mbao mbili, mbele ya ukuta mweupe.

Constant alikitazama kiti kile. Kisha akamgeukia Berthe, akasema kwa Kiswahili, wengine wote wasielewe: "Minachoka kuwa na raison peke yangu, maman." Yaani amechoka kuwa sahihi peke yake.

Hakuketi. Aliomba kitu kimoja, kwamba kilichobaki kwenye chupa kionjwe kwa kusimama, wote pamoja, na kila mtu aseme anachokisikia mdomoni. Jambo hilo limekatazwa katika nyumba yetu tangu ilipofunguliwa. Mwenyekiti akaruhusu. Wakasimama majaji saba na Constant, Berthe akiwa na jagi la maji, na kelele zikaanza. Mmoja alisema tini. Mwingine akasema tini gani, hii ni tende. Wa tatu akasema wote wawili hawana pua. Constant alionja, akafikiri, akasema angeipa thelathini na nane, imezeeka kupita kiasi. Wakamvamia kwa maneno kutoka pande zote. Mwanamke mmoja Mflemi, Mbelgiji wa kaskazini, alimpiga bega na kumwambia amekaa sana gizani. Akaonja tena. Akakubali kwamba amekosea. Na wale waliofanya naye kazi tangu mwanzo wanasema hawajawahi kumwona akicheka vile.

Ndugu Constant, chama hiki kilikuita mlevi, na kinakuomba radhi kwa maandishi. Asante kwa ghala lililopangwa, kwa mahindi ya kuchemsha, kwa mkate ulioula peke yako ili sisi tupate hukumu iliyo safi. Asante kwa niaba ya watoto wawili wa Kolwezi ambao sasa ni watu wazima na watakuja Jumamosi. Hatukutakii mapumziko matulivu; utulivu umeupata wa kutosha. Tunakutakia siku nyingi za kukosea mbele ya watu, na watu wenyewe wawe wengi, wakae karibu, na wasikuache umalize sentensi.