Mstari Nyuma ya Sukuma Wiki

Benchi la kahawa la Husnah, pale Ntinda, linatazamana na geti la madamu Moreen, na wanaolikalia hujua habari za uani kabla ya wapangaji wenyewe. Asubuhi hiyo mpangaji mmoja, Nabwire, alivuka barabara nusura akimbie, mtoto mgongoni, simu mkononi. Tangu mvua zianze alikuwa amejaza mapengo yote ya bustani ya mbele: sukuma wiki katikati ya waridi, dodo nyekundu, ule mchicha wa Uganda, kando ya yungiyungi, mchaichai kuzunguka ngazi, mpaka wapita njia wakawa wanasimama kupiga picha. Lakini madamu alisema siku ile anampa chumba: mbele ni maua tu. Na sasa ametuma ujumbe.

— Someni, kaka zangu, mimi nimesoma mara kumi, nitaenda wapi na huyu mtoto, chumba kama kile nitakipata wapi mimi.

Abdul-Karim, anayeitwa Jenero kwa ajili ya babu yake askari, alisoma kwa sauti:

— “Nimeona picha ya bustani. Leo saa nne nakuja kura hapo.”

— Kura, alisema Khaemba wa bodaboda, anayeitwa Breki kwa kuwa hana. Basi wapangaji wanapiga kura utoke.

— Kura ya mtaa haina karatasi, Breki. Watu wanapanga mstari nyuma ya mtu wao.

— Mtu gani? Hii ni sukuma.

— Basi nyuma ya sukuma. Wengine nyuma ya waridi. Mwenyekiti anahesabu vichwa.

— Waridi wataleta watu na lori kutoka Ggaba. Nawajua hao.

— Waridi wana lori? aliuliza Husnah.

— Wewe mimina kahawa.

Nabwire hakucheka. Aliinua kidevu.

— Wahesabu tu, niambieni ua gani Ntinda hii linapendeza kama dodo yangu jua likiipiga, niliipanda na mimba ya miezi minane, mimi mwenyewe, sing'oi hata jani.

Jenero aliweka kikombe chini.

— Umesikia, Breki? Simama. Tukafanye mazoezi.

Saa nne madamu Moreen aliwakuta wanne wamejipanga nyuma ya shina moja la sukuma wiki, Jenero mbele, kifua nje, Husnah nyuma na birika lake.

— Mnapanga mstari ya nini?

Breki alimtazama Jenero. Jenero akaitazama sukuma.

— Madamu, ulisema kura, Nabwire alisema kwa sauti ndogo.

— Eeh, kura. Madamu alitoa sahani kwenye mkoba. Chai sijakunywa leo, sababu ya hiyo picha. Nataka kura na ugari.

— Lakini ulisema maua tu.

Madamu aliinama, akaishika dodo nyekundu kwa vidole viwili.

— Na hii si maua?

Nabwire alianza kuchuma, majani ya chini kwanza, akiutaja kila mmea kwa jina, polepole, kama mtu anayetambulisha wanawe. Nyuma yake mstari haukuvunjika. Uligeuka tu, ukaelekea jikoni kwake.