Berend Lohuis Anaaga Dawati la Waliotalikiana

Baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya ushauri wa kodi hapa mjini Zutphen, mwenzetu Berend Lohuis anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Keki itakatwa saa tisa alasiri. Ameomba hotuba ziwe fupi, na aliposikia kwamba mimi ndiye ninayeandika wasifu huu, akaja kuniomba tena.

Miaka ya mwanzo Berend alishughulikia kodi za wakulima na wenye maduka. Dawati la waliotalikiana alilipata kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Watu hufika pale wakiwa na nyumba moja, mkopo mmoja, na hamu ya kutoonana tena. Kazi ya Berend ilikuwa kuwaeleza taratibu: anayehama na kumwacha mwenzake ndani bado anahesabiwa kwa miaka miwili kana kwamba anaishi pale, na sehemu yake ya riba ya mkopo inampunguzia kodi. Miaka hiyo ikiisha, punguzo linakatika, hata kama mkopo bado anaulipa.

Alikuwa hodari wa kupanga miadi. Mume aliingia kwa mlango wa mbele, mke kwa ule wa uani penye baiskeli. Mara moja tu treni ilichelewa, na Bwana na Bibi Wassink wakajikuta wameketi bega kwa bega. Kufumba na kufumbua wakawa wanagombea mbwa.

"Chakula chake nanunua mimi!" akafoka Bibi Wassink.

"Na kumtembeza kwenye mvua, nani?"

Berend alisubiri wapumue. "Mbwa hana riba," akasema. "Turudi kwenye nyumba." Wakacheka wote wawili, kisha Bibi Wassink akaanza kulia, na Berend akaenda kuleta kahawa akakawia huko makusudi.

Nyumbani kwake mwenyewe mambo yalikuwa yanaharibika, nasi hatukujua. Mwaka 2009 mkewe, Marjolein, alimwambia ndoa imekwisha. Berend akahamia chumba cha kupanga juu ya duka la vitambaa. Asubuhi iliyofuata alikuwa kazini kama kawaida, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu.

Tulijua msimu wa kodi ulipofika. Alikuja kwangu, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Annemiek, nijazie fomu yangu ya kodi. Mimi siwezi."

"Wewe? Acha masihara."

"Nimekwama kwenye tarehe ya kuhama." Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Nilihama lini hasa? Siku niliyobeba sanduku, au siku aliyoacha kuniuliza nitakula nini?"

"Berend, watu wa kodi wanataka siku ya sanduku."

"Najua. Nimewaambia hivyo watu wengi sana. Sikujua ni swali baya namna hii."

Nikaijaza. Tangu siku hiyo nilimsikia mara nyingi kupitia ukuta wetu mwembamba. Mteja akifika kwenye tarehe ile, Berend aliweka kalamu chini na kumwambia hakuna haraka.

Miaka yake miwili ilipita. Marjolein, aliyekuwa akifundisha watoto kuogelea kwa nusu siku, alitaka kuchukua mkopo wote peke yake, lakini benki ilimkatalia kwa kuwa mshahara haukutosha. Kila mtu hapa ofisini alijua Berend angeweza kudai nyumba iuzwe. Mkurugenzi wetu alimwambia waziwazi jikoni: "Mteja ungemshauri auze. Punguzo limekwisha, unalipia kuta usizolala ndani yake."

"Ningemshauri hivyo, ndiyo," akajibu Berend, akaosha kikombe chake.

Binti yao, Roelien, alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, na chumba chake kilikuwa kwenye nyumba ile. Berend akaendelea kulipa nusu ya mkopo bila nafuu yoyote. Likizo hakwenda. Mchana alikula mkate wake na jibini dawatini, mgongo ameuelekeza dirishani. Sisi tulidhani anapenda utulivu, na mara nyingi tulimwacha hivyo. Hakuupenda. Aliwahi kuniambia kwamba jioni nyingine alishuka ngazi kwenda kuuliza bei ya vitambaa asivyovihitaji, apate tu kuzungumza na mtu.

Roelien alipofaulu mtihani, begi la shule likaning'inizwa kwenye mlingoti wa bendera mbele ya nyumba, kama ilivyo desturi hapa kwa anayemaliza shule, na baada ya wiki chache nyumba ikatangazwa kuuzwa. Siku ya kutia saini mauzo mvua ilinyesha, nikampeleka Berend kwa gari. Nilikuwa naye kwenye korido ya ofisi ya wakili, Marjolein alipotoka na kusimama mbele yake.

"Ungeweza kunilazimisha mwaka mzima uliopita. Wakili ameniambia sasa hivi."

"Roelien alikuwa na mitihani."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Marjolein akamrekebishia kola ya koti, akasema asante, akaondoka. Ndani ya gari Berend aliangalia mvua mpaka tukavuka daraja la mto IJssel. Hapo akasema, "Haya. Sasa nimehama."

Roelien leo ni mkunga huko Groningen na humpigia baba yake anapotoka zamu. Berend ana nyumba ndogo karibu na kituo cha treni. Wateja wake wa zamani humsimamisha sokoni, wengine wakiwa na wenzi wapya, naye huuliza habari za kila mtu, mbwa pia.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani tulitarajia aseme baiskeli ya umeme. Alifikiri hadi siku ya pili, kisha akaja na jibu akiwa amesimama mlangoni, masikio mekundu. "Mnialike kula. Si wote pamoja, mmoja mmoja. Jumapili. Jumapili ni ndefu mno."

Majina tayari yamejaa hadi mwakani. Jumapili ya kwanza ni yangu: supu ya njegere, na mume wangu ameonywa asizungumzie kodi.

Asante, Berend, kwa subira uliyowapa watu siku zao mbaya kuliko zote. Tunakutakia ustaafu wenye afya na meza zenye watu. Njoo mapema, na usibebe chochote.

Annemiek Roording, kwa niaba ya wafanyakazi wote